Kipa wa Timu ya Sukari

Mimi mpira siupendi, na ninalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza habari za offside. Nimekaa kando ya uwanja wa Grand Prairie, huku Texas, Jumapili nyingi kuliko inavyomstahili mtu wa aina yangu, na sababu ni moja tu: mdogo wangu Everline aliolewa na kipa. Kipa mwenyewe ni Mwenda, Mmeru wa Nkubu, mrefu, mpole, mwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyovunjika zamani vikapona vibaya. Siku za kazi aliendesha forklift ghalani, na Jumapili baada ya kanisa alivaa glavu. Mimi nilikuwa naishi Stafford, kando ya Houston, nikifanya kazi katika nyumba ya wazee, na kila nilipopata wikendi ya kupumzika niliendesha gari hadi kwao. Barabara imenyooka, ng'ombe kushoto, ng'ombe kulia, na mabango ya mawakili wanaokuombea ugongwe na lori ili wakutetee.

Siku ya kwanza nilipomwona akicheza, timu yao ilifungwa mabao ambayo sitayataja, kwa heshima ya waliokuwapo. Kariuki, aliyekuwa kocha kwa sababu mipira ilikuwa yake, alianza kumlaumu refa. Wengine walijitupa nyasini na kuvua viatu. Mwenda peke yake akavuka uwanja, akaja mpaka mbele yetu wanawake tuliokaa na chupa za chai na masufuria ya pilau, akasimama wima, akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa. Akabaki hivyo hivyo. Jasho lilikuwa likimdondoka puani. Sasa mimi nimelelewa Kakamega, na mwanamume akija kusimama mbele ya chakula namna hiyo mtu haulizi. Nikammiminia chai kikombe kikubwa, nikamtia mkononi.

"Asante, shemeji," akasema, na akaipokea kwa adabu. Lakini macho yake yalinipita, yakaangalia nyuma yangu, ambako hapakuwa na kitu ila magari yetu yaliyoegeshwa juani.

Everline akanikanyaga mguu. "Si chai anataka, Truphosa. Ni mambo yake ya Thailand hayo."

Mambo yake ya Thailand niliyajua kwa vipande vipande, mezani kwa Everline, kati ya ugali na maharagwe, miaka kwa miaka. Mwenda alikuwa kipa wa timu ya kiwanda cha chai huko kwao Meru. Mwaka 1994 akatokea ajenti mmoja wa Mombasa aliyezoea kupeleka wachezaji Uarabuni, akamwambia ana nafasi nzuri zaidi, tena mbali zaidi. Mama yake Mwenda aliwatangazia majirani kwamba mwanawe amekwenda Uchina, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia Uchina. Alikokwenda ni mji mdogo uitwao Ban Oi, magharibi ya Bangkok, mashamba ya miwa pande zote, na katikati kiwanda cha sukari chenye timu yake. Jina refu la timu hiyo sikuwahi kulishika. Yeye aliiita Nam Tan, na kwa lugha yao hiyo ni sukari.

Ukimpa Mwenda nafasi ya kuisimulia Nam Tan, chakula kinapoa. Ilianza na wafanyakazi waliokuwa wakicheza na watu wa reli siku ya mshahara. Mwenye kiwanda, mzee aliyependa mpira bila kuzielewa sheria zake, akawanunulia jezi za kijani, akawajengea jukwaa la mbao upande mmoja wa uwanja. Wakapanda daraja, wakashuka, wakapanda tena. Msimu wa kusaga miwa majivu yalianguka uwanjani mpaka kaptura nyeupe zikawa nyeusi kabla ya mapumziko, na nyavu za goli zilinuka sukari guru. Mwenda alisema harufu ile ilimwingia kwenye glavu na hakuna sabuni iliyoitoa. Alilisema hilo akizinusa zile glavu za Texas, ambazo zilinuka miguu tu.

Na kulikuwa na desturi. Mzee mwenye kiwanda aliwaambia wachezaji kwamba wanalishwa na jasho la wakata miwa, basi baada ya kila mechi, washinde wafungwe, waende wote kwa safu mpaka mbele ya jukwaa, waunganishe mikono, wainame. Watu wa jukwaani waliwajibu kwa kupiga mikebe mitupu ya sukari, ile mikubwa yenye alama ya kiwanda, mabua matatu ya muwa na jua jekundu. Mikono haikushuka mpaka mikebe inyamaze. Kipa alisimama mwisho wa safu, upande wa kushoto, na mikono ya kipa ndiyo iliyoshuka mwisho.

"Tukishinda wanapiga haraka haraka, wanamaliza, wanatuachilia," alisimulia huku akicheka. "Tukifungwa, shemeji, wanapiga polepole. Ngo. Ngo. Ngo. Wanakuweka hapo mpaka shingo iume. Siku timu ya wanajeshi ilitutoa kwenye nusu fainali, nilidhani nitalala pale."

Bao hilo la wanajeshi tulilijua sote nyumbani. Krosi ilipigwa, Mwenda akatoka golini kuifuata, akaikosa, akavunjika vidole viwili juu ya hasara. Alikuwa na maelezo yake na hakuwahi kuyabadili. Jua la jioni lilimwingia machoni.

Mwaka uliofuata, 1997, pesa ya Thailand ikaanguka. Mimi wakati huo nilikuwa Nairobi na nakumbuka tulisikia redioni, tukaona ni mambo ya wenyewe huko. Kwa Mwenda mambo ya wenyewe yalikuwa yake. Kiwanda kikafungwa, mzee akalazwa, timu ikaondolewa kwenye ligi mechi zikiwa zimebaki. Akarudi Kenya, akamwoa dada yangu, na walipopata karatasi za Marekani wakaja Texas na mtoto wao Tania mgongoni. Kuja Marekani watu wengi huleta kitu cha kuwakumbusha kwao. Mwenda alikuja na jezi ya kijani yenye mabua matatu na jua jekundu, na maandishi ambayo hakuna mtu katika Grand Prairie yote aliyeweza kuyasoma.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Ukisema ulichezea timu fulani ya Nairobi, katika kundi la Wakenya kumi atapatikana mmoja wa kukwambia, ndiyo nakukumbuka, mlikuwa wabovu sana. Mwenda hakuwa na hata wa kumwambia walikuwa wabovu. Wenzake ghalani walidhani Thailand ni mahali pa ngumi tu. Kariuki alimwita kipa wa timu ya ndoto. "Mwenda, leo utatuchezea sisi ama ile timu yako ya ndoto?" Watu wakicheka, naye Mwenda alicheka, na akifungwa au akishinda alikuja tena mbele yetu na mikono yake. Tulishamzoea. Wanawake waliendelea kufungua masufuria. Mwenda alisimama kitambo, akashusha mikono taratibu, mmoja mmoja, akaenda kuvua viatu.

Siku moja nilimuuliza. Tulikuwa nyuma ya nyumba yao, yeye akichoma nyama na mimi nikimharibia kwa kuigeuzageuza. Nikamwambia, shemeji, ile mikono unamuombea nani? Maana mchungaji ameanza kuniuliza mimi.

Hakukasirika. Akaniambia habari ya siku ya mwisho, ambayo mezani hakuwahi kuifikia. Waliambiwa waje uwanjani kama kawaida kwa mechi ya nyumbani. Wapinzani walikuja, basi lao likasimama nje, kisha likageuka likaondoka. Malango yalikuwa yamefungwa kwa minyororo na walinzi wageni walikuwa wamesimama. Wachezaji walikuwa wameshaingia kupitia kiwandani, wamevaa, wamefunga viatu. Kocha akawaambia hakuna mechi, hakuna timu tena, vueni. Nahodha akakataa kuvua. Akawatoa kwa safu mpaka mbele ya jukwaa, wakaunganisha mikono, wakainama. Jukwaa lilikuwa tupu. Hapakuwa na hata mbwa.

"Wenzangu walianza kushusha mmoja mmoja, wakaenda," akasema. "Mimi ndiye wa mwisho. Na mikebe haikulia. Shemeji, sikujua nishushe mikono lini."

Mafuta yakadondoka motoni, moshi ukatujia, nami nikapata sababu ya kupangusa macho. Nilimhurumia, na pia nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Kwetu maiti haiendi kimya kimya. Hata maskini wa mwisho isukuti, ngoma yetu, inapigwa, watu wanacheza mpaka kaburini, ndipo mfiwa anajua sasa amefiwa. Huyu mtu alikuwa na kifo cha miaka kumi na hakuna aliyempigia hata kijiko.

Basi ikaja shughuli ya Tania. Ilikuwa 2008, mwaka ule wa kimbunga Ike, miezi kadhaa kabla yake. Mwalimu aliwaambia watoto waandike habari za wazazi wao kabla hawajazaliwa. Tania, wa miaka kumi hivi, akafurahi, akaenda kwenye kompyuta ya maktaba kuitafuta timu ya baba yake. Jumamosi hiyo nilikuwapo, namenya viazi.

"Ukapata nini?" Mwenda akamuuliza. Alikuwa ameweka chini kikombe chake.

"It's just sugar, Dad."

"Sukari ndio jina. Uliangalia na Ban Oi?"

Tania akamjibu kwa Kiingereza chake cha Texas kwamba aliangalia kila mahali, na kila mahali ni sukari na mapishi ya sukari, na mwalimu amesema waandike kitu cha kweli. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa upole, jinsi mtoto anavyomwambia mtu mzima kitu anachodhani mtu mzima anakijua tayari.

"Na jezi je?" Everline akadakia. "Si jezi ya baba yako unaiona?"

"Anybody can buy a shirt, Mom."

Akaandika habari za forklift. Mwenda aliisoma insha ile yote, akiwa amesimama kando ya friji, akamwambia, "Umeandika vizuri." Kisha akaenda kukaa ndani ya gari lake, gari halijawashwa, mikono juu ya usukani. Everline alitaka kumfuata nikamzuia. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hawakusema habari ya mtu aliyekuwepo na lake likatoweka. Watu wakimcheka, angevumilia. Mtoto wake kumwonea huruma kwa uongo ambao hakuusema, hilo lilimshinda. Tangu siku hiyo hakusimulia tena. Jezi akaikunja, akaiweka juu ya kabati. Jumapili akawa anakuja mbele yetu kwa sekunde tu, kama mtu anayepita.

Majuma machache baadaye nilikuwa Houston natafuta omena, dagaa wa kwetu. Mtu wa magharibi ya Kenya anayeishi Texas hujua siri moja: omena wetu huna, ila katika maduka ya Waasia kuna tusamaki twa kukausha ambatwo ukitukaanga na nyanya na kufumba macho kidogo utafika Kisumu. Duka nililozoea lilikuwa na foleni, nikaingia dogo la pili yake ambalo sikuwahi kuingia. Nikachukua tusamaki twangu, nikaenda kulipa. Mwenye duka, mama wa makamo aitwaye Pranee, akatafuta chenji ndani ya mkebe mkubwa wa zamani uliokuwa juu ya kaunta, rangi imebanduka, umebonyea ubavuni.

Mabua matatu ya muwa. Jua jekundu.

Nilisahau chenji. Nikamuuliza mkebe huu umetoka wapi, na nadhani niliuliza kwa sauti ya polisi, maana alirudi nyuma. Akasema ni wa mama yake, amekuja nao kutoka kwao, usiushike tafadhali, hapendi. Kwao wapi? Akasema sitapajua. Nikamwambia anijaribu. Akasema Ban Oi.

Nikamuuliza mama yuko hai? Akanionyesha kwa kidevu. Nyuma, karibu na magunia ya mchele, alikuwa amekaa bibi mdogo sana kwenye kiti cha plastiki, amejifunika sweta, anachambua majani ya mrehani. Pranee akaniambia kwa sauti ya chini, "Siku nyingine anakumbuka kila kitu. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa."

Kazi yangu ni wazee. Najua maana ya siku nyingine. Nikatoka na kumpigia simu Mwenda nikiwa bado maegeshoni.

"Shem, uko kazini?"

"Niko break. Kuna nini?"

"Lile jua lako na miwa yako. Nimeliona, liko kwa duka huku Houston. Na mwenye mkebe yuko."

Nikasikia forklift ikipiga king'ora chake kwa nyuma. Akaniuliza mwenyewe ni nani, nikamwambia ni bibi wa Ban Oi. Akaniuliza kama nimetaja timu, nikamwambia hapana, hayo si yangu kutaja. Akasema, "Jumamosi," akakata. Ni mtu wa salamu ndefu, lakini siku hiyo hakuniaga.

Jumamosi wakaja wote watatu. Tania alikuwa na uso wa mtoto aliyeburutwa. Mwenda alivaa shati la kanisani, na jezi ameishika mkononi, imekunjwa kama kitambaa cha meza. Tukafika mbele ya duka, Everline akashuka, Tania akashuka, mimi nikashuka. Mwenda hakushuka.

Nikafungua mlango wake. "Shemeji?"

"Na akisema hajui?" akaniuliza.

Aliendelea, anatazama mbele, dukani. "Sasa hivi kuna watu wengi duniani ambao sijawauliza. Nikiingia, nikamuuliza, akasema hajui, si basi? Nitamuuliza nani mwingine? Na Tania amesimama pale."

"Shemeji," nikamwambia, "maji umeshayavulia nguo. Yaoge."

Akacheka kidogo, akashuka.

Bibi alikuwa pale pale penye magunia. Pranee alikuwa amemwambia kuna mgeni, na alikuwa amechanwa nywele. Mwenda akapiga magoti sakafuni ili asiwe mrefu kuliko yeye, akaunganisha mikono, akasema kwa Kithai chake kilichoota kutu, "Sawatdi khrap, Mae." Hiyo ni salamu, na Mae ni mama. Bibi akamtazama. Akamtazama kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande, na nikaona midomo ya shemeji yangu ikikauka. Bibi akanyoosha mkono, akaushika mkono wake wa kushoto, akavigusa vile vidole viwili vilivyopinda. Kisha akasema maneno mengi kwa pamoja, tena kwa ukali.

Pranee akaona haya. "Samahani," akatuambia. "Anauliza... anauliza kwa nini ulitoka golini."

Everline akanigeukia.

"Anasema mpira ulikuwa wa beki. Beki aliita. Ungebaki golini, tungecheza fainali. Anasema alikuwa anauza ndizi za kukaanga langoni, na siku hiyo alirudi nyumbani akazimwaga zilizobaki kwa bata."

Mwenda akafungua mdomo. Kikatoka Kithai, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, lakini tulielewa sote, maana maelezo hayo tuliyajua. Jua. Jua la jioni, Mama, lilikuwa machoni.

Bibi hakungoja tafsiri imalizike. Akapunga mkono, akasema neno fupi.

"Anasema jua lilikuwa mgongoni mwako," akasema Pranee. "Goli lile linaangalia kiwanda."

Aliyecheka kwanza ni Tania. Kicheko kilimtoka ghafla, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akamtazama baba yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Dad! Was it behind you?"

"Lilikuwa nyuma," Mwenda akasema. Miaka yote ile, hilo ndilo lililomtoka kinywani, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni naye hata hayapangusi. "Lilikuwa nyuma, Tania. Nilitoka tu. Nilikosea."

Akafungua jezi, akamtandikia bibi mapajani. Bibi akayapitisha macho kwenye maandishi, akalisoma jina refu lile kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nikalisikia linavyosemwa na mwenyewe. Hapo ndipo Mwenda alipomuuliza habari ya siku ya mwisho. Alimwambia walikuja mbele ya jukwaa. Alimwambia hapakuwa na mtu.

Bibi akajibu polepole, na Pranee akatafsiri polepole. Walikuja. Watu wote walikuja, na mikebe. Walinzi waliwazuia darajani, mbali na uwanja, wakawaambia warudi majumbani, kiwanda kina mwenyewe mpya. Walikaa darajani mpaka wakachoka. Hawakupiga, maana utampigia nani usiyemwona? Akarudi nyumbani na mkebe wake, na alipohamia kwa binti yake Amerika akaona hawezi kuuacha, ingawa hakumweleza mtu sababu. Pranee aliposema hivyo alikuwa anamtazama mama yake, siyo sisi. Yeye mwenyewe alikuwa hajui. Alikuwa anatilia chenji humo.

Mwenda akasimama. Akavuta shati lake likae sawa. Pale kati ya magunia ya mchele na friji ya samaki, mbele ya kiti cha plastiki, akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa. Nikaona amesimama si katikati ila kushoto kabisa, karibu na ukuta, amewaachia wengine nafasi. Tania akaiona nafasi ile. Akaenda kusimama ndani yake, kando ya baba yake, akaunganisha mikono yake midogo.

Bibi akasema neno. Pranee akaumimina mkebe juu ya kaunta, chenji ikatawanyika, nyingine ikabingirika chini na hakuna aliyeinama. Akampa mama yake mkebe na mwiko wa mbao kutoka rafuni, ukiwa bado na bei yake.

Ngo.

Mkono wa bibi ulikuwa na baridi yabisi, nilikuwa nimeshaiona. Lakini hakuwa akipiga polepole kwa sababu hiyo.

Ngo. Ngo.

Wateja wakasimama. Mwanamke mmoja mwenye kikapu akakiweka chini. Everline alinishika mkono akaubana mpaka ukauma, na mimi nikasikia isukuti, nisiseme uongo, nilisikia kwetu, nikawaona watu wanavyoshuka kupitia migombani wakielekea kaburini, nikalia kwa sauti kama mfiwa. Bibi hakujali. Alimweka pale. Alimweka kwa ajili ya ile krosi, na kwa ajili ya daraja, na shingo ya Mwenda ikaanza kutetemeka naye hakuiinua. Mwiko ukaendelea mpaka nikafikiri bibi amesahau alikuwa anafanya nini.

Kisha akauweka mwiko juu ya jezi. Mkebe ukanyamaza. Tania akashusha mikono yake. Bibi akasema jambo kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayefunga duka.

"Anasema mwende nyumbani sasa," Pranee akasema. "Nyote. Siyo wewe peke yako. Timu yote."

Mwenda akageuza kichwa, akatazama safu, upande ule ambako kulikuwa na Tania, na baada ya Tania rafu ya mchuzi wa soya. Akaitazama mpaka mwisho wake. Ndipo akashusha mikono. Ikaning'inia pembeni, mikubwa, mitupu, na kwa jinsi alivyosimama niliona hajui aifanyie nini tena.

Nikachukua mfuko wa omena rafuni, nikampa aubebe.